Mbeleko ya Mjomba Haipigiwi Kelele, ya Binti wa Watu Imetoa Povu Mji Mzima

Ubuyu wa wiki iliyopita haukuwa wa ndoa ya mtu kuvunjika wala gari la mkopo kurudishwa yadi. Ulikuwa wa ajira, na umewasha moto kuliko ndoa zote za mwaka huu.

Kwa ambao bando liliwaishia: mtangazaji mmoja maarufu hapa Dar, wa kile kipindi cha asubuhi ambacho madereva wa daladala hawakizimi, alikaa mbele ya kamera na kikombe chake cha kahawa, akatema cheche kwa dakika mbili na ushee. Alichosema kwa ufupi ni kwamba uwezo umekufa nchi hii. Siku hizi ukitaka chuo au kazi, uwe na sketi. Ofisini kwao ameletwa fundi mitambo mpya, binti, kwa sababu mabosi walitaka picha ya mwanamke kwenye ripoti, wakati vijana wa kiume wenye vyeti vyao wanakaanga chipsi. Akamalizia na ule msemo wa mjini, ukibebwa bebeka, akacheka, klipu ikaisha.

Hakumtaja jina. Hakuhitaji. Mafundi mitambo wa kituo hicho ni wanne na mwanamke ni mmoja. Kufika saa sita mchana picha yake ilikuwa kila kona. Jioni mtu aliyewahi kusoma naye akatoa namba yake ya mtihani, na kwa kuwa matokeo ya NECTA yako wazi kwa yeyote mwenye simu, kidato cha sita cha binti wa watu kikageuka skrinishoti. Fizikia D. Hesabu E. Watu wakaizungushia ile E duara jekundu kama polisi walioona tone la damu ukutani. Siku ya tatu alifunga akaunti zake zote. Wafanyakazi wenzake wanasema wiki hiyo aliomba zamu za usiku tu, ili asipishane na watu kwenye korido.

Klipu imefikisha watazamaji wengi kuliko kipindi chenyewe. Hongera kwake, kiki imekubali.

Sasa, intaneti haina huruma kwa mtu yeyote. Kuna mahojiano ya zamani ya huyu huyu jamaa, bado yapo, yana kama miaka saba hivi, anasimulia alivyoingia kwenye fani. Alikuwa amekaa tu nyumbani Tabata, kazi hana, chuo kilimshinda mwaka wa pili. Mjomba wake alikuwa mkuu wa vipindi kwenye redio. "Mjomba akanishika mkono akaniingiza studio, nikaanza hivyo hivyo." Mtangazaji aliyemhoji akapiga makofi. Watazamaji wakaweka vimioto na vimoyo. Hakukuwa na tangazo la kazi, usaili wala vyeti vya kulinganisha na vya wengine. Hakuna aliyeandika pale chini kwamba uwezo umekufa. Hakuna aliyefukua matokeo yake ya kidato cha nne.

Na haki isemwe: jamaa ni mkali. Anaijua kazi, ana sauti, ana utani, asubuhi bila yeye foleni ya Ubungo haivumiliki. Mjomba alimfungulia mlango, lakini mjomba hakukaa kwenye kiti kuzungumza badala yake. Hilo linajulikana na kila mtu. Basi kwa nini habari hiyo hiyo ikimhusu binti inakuwa kashfa?

Maana habari ya binti ni hiyo hiyo, ila yake ilikuwa na karatasi.

Kuna vyuo nchini vina mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi na uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza utaratibu huo mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuona madarasa ya sayansi yamejaa wanaume watupu kama kijiwe cha bodaboda. Unavyofanya kazi ni hivi: msichana aliyefaulu lakini akapungukiwa kidogo na kiwango cha kozi anaitwa kwa wiki kadhaa, anapigishwa hesabu na fizikia asubuhi mpaka jioni, halafu anapewa mtihani. Akifaulu anadahiliwa. Akifeli anarudi kwao. Uganda wao walikwenda njia nyingine: tangu 1990 msichana anayeomba vyuo vya serikali kama Makerere anaongezewa alama 1.5 juu ya zile alizopata. Huko nako watu wametoa povu kwa zaidi ya miaka 30.

Binti wa kituo alipita njia hiyo ya mafunzo ya awali. Hajawahi kuificha. Lakini sikiliza kinachofuata, ambacho klipu haikukisema. Ukishavuka ule mlango, sketi haina kazi tena. Mtihani wa semista haujui jinsia. Sapu ni sapu. Kudisko ni kudisko, na kila aliyesoma uhandisi anajua madume mangapi yenye alama nzuri za kidato cha sita yalidisko mwaka wa kwanza na kurudi nyumbani na godoro. Yeye alikaa miaka minne na akamaliza. Mlango ulisogezwa karibu, mtihani ulibaki pale pale ulipokuwa.

Kazi nayo hakuletewa kwenye sahani. Watu wa ndani wanasema nafasi ilitangazwa, walioitwa walikuwa saba, na usaili ulikuwa wa vitendo: mashine ya kuchanganyia sauti iliharibiwa makusudi, kila mmoja akaambiwa atafute tatizo. Matokeo mnayaona. Yuko kazini. Hata ile sauti ya klipu iliyotrendi, ilivyo safi isiyo na mikwaruzo, kuna mtu aliyeiweka sawa hiyo studio asubuhi ile kabla kahawa haijamiminwa.

Wanaomtetea jamaa wana hoja moja wanayoirudia kama kibwagizo: chukueni mwenye uwezo, basi, mambo ya jinsia ya nini? Inasikika vizuri. Nani atapinga uwezo? Nani anataka kupanda ndege inayorushwa na mtu aliyeonewa huruma? Tatizo ni kwamba wakisema uwezo wanamaanisha alama, na alama za kidato cha sita si kipimo cha damu. Ni kipimo cha mtoto pamoja na kila kitu kilichomzunguka.

Chukua vijana wawili. Wa kwanza kakulia Mbezi Beach. Shule binafsi, basi la shule getini, maabara ina kila kitu, jioni mwalimu wa tuisheni anakuja nyumbani, Jumamosi anapelekwa kituo cha mitihani ya majaribio, likizo ana kompyuta. Wa pili ni binti kutoka shule ya kata kule kusini. Shule za kata zilimwagika nchi nzima kuanzia 2004 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, na zimesomesha watoto wa maskini ambao kabla ya hapo wangeishia darasa la saba, hilo lisibezwe. Lakini miaka kadhaa baadaye ilibidi litoke agizo la Rais kwamba kila shule ya kata ijenge maabara tatu. Watu wakachangishwa, majengo yakasimama. Kemikali, vifaa na mwalimu wa fizikia wa kuingia ndani yake, hiyo ni habari nyingine. Wapo waliofanya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne wakiwa wanaishika bureti kwa mara ya pili maishani.

Halafu akirudi nyumbani, kaka yake anaenda uwanjani, yeye anaenda kisimani. Kaka akirudi anakuta ugali uko mezani, anasoma. Yeye anaosha sufuria, kisha ndiyo asome, kama kuna taa.

Na hapo bado hajagusiwa lile ambalo vijana wa mjini wamelisahau haraka mno. Mpaka Novemba 2021, msichana akipata ujauzito akiwa shule ya serikali, shule ilikuwa ndiyo basi. Mwaka 2017 ilitamkwa hadharani kutoka ngazi ya juu kabisa kwamba hawarudi darasani. Mvulana aliyempa huo ujauzito alikuwa anaendelea na kipindi cha jiografia kama kawaida, labda na dawati limeongezeka nafasi. Serikali ilikuja kuondoa zuio hilo Novemba 2021. Miaka yote hiyo, wasichana wakitolewa, waliobaki darasani walikuwa wanashindana na watu wachache zaidi. Huo nao ni upendeleo, ila haukuwahi kuitwa hivyo, kwa sababu waliofaidi hawakuhitaji kujaza fomu.

Kwa hiyo ile E iliyozungushiwa duara jekundu, iliyopatikana kwenye shule ambayo mwalimu wa hesabu alikuja kidato cha sita kimebakiza miezi, inawezekana ilibeba kichwa kizito kuliko C ya tuisheni tatu. Inawezekana. Si lazima. Ndiyo maana wakapewa wiki za kufundishwa na mtihani juu yake, ili ijulikane.

Sasa kuna dada mmoja naye kaingia kwenye hii vita, na huyu ndiye aliyefanya watu wacheke mpaka wakakohoa. Ni mrembo, mjasiriamali, anauza kozi za mtandaoni za kujiamini, wafuasi si haba. Akaposti akiwa hotelini Zanzibar: wanawake wenye uwezo hawahitaji kubebwa, yeye kafika alipofika kwa jasho lake, hizi nafasi maalum zinawadhalilisha wanawake. Wadau hawakuchelewa hata dakika kumi. Wakavuta posti yake ya zamani akiwa na joho, chuo cha nje, machozi ya furaha, akiwashukuru wafadhili wa skolashipu. Skolashipu ya nini? Ya wasichana wa Kiafrika. Mvulana wa Kiafrika haruhusiwi kuomba. Mvulana wa Kizungu haruhusiwi kuomba. Jasho lilikuwepo, hakuna anayelikataa, lakini lilitoka ndani ya mbeleko yenye kiyoyozi.

Posti imefutwa. Zote mbili.

Hawa wawili si waongo, na pengine hata si wanafiki kwa makusudi. Shida ni kwamba mbeleko ukishakaa ndani yake muda mrefu unaiona ni mgongo wako mwenyewe. Mtoto wa mjini aliyepata kazi kwa sababu baba alisoma na meneja haoni kwamba alibebwa. Anaita koneksheni. Anaita mchongo. Anaita "kumbe unamjua mzee, si ungesema mapema." Yule wa shule ya kata hana mzee wa kumjua, mzee wake anajulikana na mwenyekiti wa kijiji tu, kwa hiyo mbeleko yake ikabidi iandikwe kwenye mwongozo wa udahili, ipigwe muhuri, na iwe na masharti. Inayoonekana ndiyo inayotukanwa.

Wanaume nao mbeleko zao ni nyingi, ila zina majina mazuri. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Vijana wa kiume wamo kwenye ile 4, na hakuna aliyesikika akisema mikopo itolewe kwa wafanyabiashara wenye uwezo tu. Ligi Kuu ina ukomo wa wachezaji wa kigeni kila timu. Kwa nini? Si achukuliwe mwenye uwezo, hata kikosi kizima kitoke Ghana na Kongo? Hapo ghafla watu wanaelewa kwamba mzawa akikosa kabisa nafasi ya kucheza hatakuja kuwa mkali kamwe. Julai 2025 serikali ilipopiga marufuku raia wa kigeni kufanya aina 15 za biashara ndogo, huyu huyu mtangazaji alishangilia hewani nusu saa nzima. Wakenya wakanuna. Hakuuliza kama kinyozi wa Kikongo ananyoa vizuri kuliko wa Buza. Alisema, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwamba mtu wa kwenu asipopewa nafasi nyumbani ataipata wapi.

Basi hilo swali lake ni zuri. Binti wa shule ya kata ni mtu wa wapi?

Wajuaji wa mtandaoni wakaleta Marekani. Hata Marekani wamefuta, wakaandika, kwa herufi kubwa. Ni kweli Juni 2023 Mahakama ya Juu kule iliamua kesi za Chuo Kikuu cha Harvard na cha North Carolina, na ikazuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumdahili. Lakini kesi ile ilikuwa ya rangi, nchi yenye historia yake ya utumwa na ubaguzi, na haikugusa kitu kimoja kitamu sana. Haikugusa watoto wa waliosoma hapo zamani. Takwimu za Harvard zilipoanikwa kwenye kesi hiyo, wachumi waliozichambua walikuta zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliopata nafasi walikuwa wanamichezo waliosajiliwa, watoto wa waliosoma Harvard, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliokuwa kwenye orodha maalum ya mkuu wa udahili, ambayo mara nyingi ni ya watu wenye uhusiano na wachangiaji wakubwa. Kwa Weusi, Waasia na Walatino, kila kundi halikufika asilimia 16. Kwa hiyo Mwafrika wa Chicago akavuliwa mbeleko, na mjomba akaachiwa yake. Anayetaka kuiga Marekani aige akijua anaiga nini.

Hapa nyumbani sheria haina utata. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, ikikataza ubaguzi inasema wazi kwamba hatua za makusudi za serikali kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo, kwenye kifungu kinachombana mwajiri asibague, imeacha mlango kwa hatua za kuinua walioachwa nyuma. Na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Pita ofisi za Posta na Masaki uhesabu. Hiyo asilimia 3 haijawahi kupata klipu ya dakika mbili.

Lakini katikati ya matusi yote ya wiki ile kulikuwa na sauti moja ambayo haipaswi kupitwa haraka. Kijana mmoja wa Shinyanga, sasa anaendesha bodaboda Mbagala, aliandika bila tusi hata moja. Naye alisoma shule ya kata. Naye alilisha ng'ombe kabla ya kwenda darasani. Alipata alama zaidi ya binti, kozi ile ile aliikosa, na hakuna mafunzo ya awali ya wavulana. "Mimi nimekosa nini, kuzaliwa dume?"

Hapo mabingwa wa haki za wanawake wengi walimjibu vibaya. Wakamwambia aache kulia, akaze. Huo ni upuuzi. Kijana ana hoja, na inauma. Anayesema mazingira yanapunguza alama hawezi kusema yanapunguza za msichana tu. Umaskini wa Shinyanga hauulizi jinsia kabla haujaingia ndani.

Ila kijana amekosea jambo moja, naye si wa kulaumiwa kwa sababu ndivyo alivyoonyeshwa. Anaamini kiti chake kilichukuliwa na binti. Darasa la uhandisi bado ni la wanaume kwa sehemu kubwa. Waliokaa juu yake kwenye orodha, wengi wao, ni vijana kama wale wa Mbezi Beach, na hao hawaoni kama wapinzani kwa sababu wao hawakupita mlango wenye kibao. Maskini wawili wamewekwa wagombane getini, gari la mwenye nacho limepita katikati yao.

Nchi hii iliwahi kulijua hili. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa zinagawanywa kwa mikoa, ili mtoto wa mkoa ulioachwa nyuma na wakoloni na wamisionari asipambane ana kwa ana na mtoto wa mkoa uliojaa shule. Wazazi wa mikoa kama Kilimanjaro walilalamika sana kwamba watoto wao wanaonewa, na shule binafsi zikaota huko kama uyoga. Haukuwa utaratibu mtamu. Lakini uliangalia mtu anatoka wapi, jambo ambalo leo halizungumzwi kabisa. Hata wasichana wa chuo kikuu walishafunguliwa mlango enzi hizo: baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka watu wafanye kazi kwanza ndiyo waende chuo, idadi ya wanawake ikatetereka, na mwaka 1976 wakaruhusiwa kuunganisha moja kwa moja kutoka shule. Mbeleko kwa wasichana si kitu cha wafadhili wa juzi.

Kwa hiyo dawa ya kijana wa Mbagala ni kuongezewa mlango, wa shule za kata, wa mikoa, wa kipato, akae na binti darasa moja la mafunzo ya awali, wote wapigwe mtihani. Kumfungia binti wa kusini hakutamfikisha Shinyanga popote. Atabaki na bodaboda yake, tofauti ni kwamba binti naye atakuwa anauza vitumbua.

Na upande wa wasichana kuna usafi wa kufanywa. Binti wa waziri aliyesoma shule ya kimataifa hana biashara ya kupita mlango wa walioachwa nyuma kwa sababu tu anavaa gauni. India waligundua tatizo hilo mapema: mwaka 1992 Mahakama ya Juu yao ilikubali asilimia 27 ya ajira za serikali kuu itengewe matabaka yaliyobaki nyuma, lakini ikaagiza familia zilizokwisha kunawiri ndani ya matabaka hayo ziondolewe. Wanaziita malai, ile ya juu ya maziwa. Hapa Bongo malai ndiyo inakunywa ya kwanza. Tazama viti maalum bungeni. Katiba inataka wabunge hao wanawake wasipungue asilimia 30, na Bunge la 2020 hadi 2025 lilikuwa nao 113. Wapo waliotumia kiti kama ngazi, wakajifunza, wakaenda jimboni, wakapambana. Wapo pia waliogeuza ngazi kuwa sofa. Mlango usio na mtihani baada yake huzaa masofa, na kila sofa moja linawapa kina mtangazaji klipu nyingine ya dakika mbili.

Huyo ndiye anayestahili kuambiwa bebeka. Aliyekaa miaka minne na kuokoa mashine iliyoharibiwa makusudi alishabebeka zamani.

Jambo moja la mwisho kuhusu ile "picha ya mwanamke kwenye ripoti," maana pale jamaa hakuwa mjinga. Zipo kampuni zinazofanya hivyo. Zinamchukua dada mmoja, zinampiga picha na kofia ngumu ya njano kichwani, zinamweka kwenye kalenda, na hazimpi kazi ya maana mwaka mzima. Akiuliza anaambiwa atulie, mshahara si unaingia? Huko ni kumtumia mtu kama pambo la ukumbini, na anayeumia wa kwanza ni yeye. Kama mtangazaji angesema hivyo, kwa jina la kampuni na ushahidi, angefanya kazi ya uandishi. Alichofanya ni kumchukua fundi aliyepita usaili, akamvika kosa la mabosi ambao yeye mwenyewe anakunywa nao Ijumaa.

Mpaka Alhamisi hakuwa ameomba radhi. Kwenye kipindi alitania kidogo tu, akasema siku hizi kila kitu ni kesi, akaweka wimbo. Binti amerudi zamu za mchana. Hajafungua akaunti. Kuna mtu alimpigia picha kwa mbali akiwa amepiga magoti nyuma ya mitambo, waya mdomoni, tochi ya simu mkononi, lakini walioipata wamekataa kuisambaza, na safari hii mji umekuwa na adabu.

Kituo nacho kinaongeza watu. Nafasi mbili za watangazaji wasaidizi, bado hazijatangazwa popote. Watu wa ndani wanasema mpwa wa mtangazaji, kijana wa miaka 22, ameonekana studio mara tatu wiki hii, anazoeshwa maikrofoni.